Kiti cha pweza nyumbani: mwongozo kamili wa tangi la maji chumvi kwa watu wa Mtwara na Lindi

Swali linalonifikia kuhusu kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, ni lile lile, anayeuliza tu ndiye anabadilika: “Nilimtoa baharini akiwa mzima, nikamweka kwenye maji ya bahari hiyo hiyo, mbona kafa hata wiki mbili hazijaisha?” Wengi wanaouliza ni watu wa Mtwara na Lindi, ambao bahari wanaisikia wakiwa kitandani. Na mtego uko hapo hapo. Mtu wa Dodoma akitaka tangi la maji chumvi hana njia ya mkato: ataagiza chumvi maalumu, atapima, atasubiri. Wa Mikindani anachota ndoo asubuhi, jioni mnyama yuko ndani ya tangi.

Kiti cha pweza hana figo wala kiungo chochote cha kusawazisha chumvi mwilini. Maji yaliyomo ndani yake yanafuata maji yaliyoko nje. Chumvi ikipanda au ikishuka ghafla kwenye tangi, imepanda au imeshuka ndani ya mwili wake. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kuzuia jambo hilo moja. Inayobaki ni kuzuia njaa.

## Vifaa, kabla ya kitu kingine chochote

- Tangi la kioo lenye kuchukua lita 250 au zaidi. Sentimita 100 urefu, 50 upana na 50 kimo zinatosha kuanzia.
- Meza ya chuma au ya tofali. Tangi la ukubwa huo likijaa linapita kilo 300, na meza ya televisheni haitalibeba.
- Pampu ya kuzungusha maji na pampu ya hewa, pamoja na pampu ndogo ya hewa ya betri kwa ajili ya umeme kukatika.
- Refraktomita, yaani kipimo cha chumvi cha kuchungulia kwa jicho, na maji yake maalumu ya kukirekebisha.
- Vipimo vya amonia, nitriti, nitrati na pH (kiwango cha tindikali ya maji).
- Kipimajoto, na feni ndogo ya mezani.
- Madumu mapya ya lita 20, angalau manne.
- Mpira wa dripu wenye kigurudumu cha kubania. Duka la dawa lolote wanao.
- Mawe, mchanga, bakuli la plastiki, na kalamu ya wino usiofutika.

Refraktomita na vipimo huenda usivipate mjini Mtwara. Agiza Dar es Salaam, vije na basi. Usianze bila refraktomita. Ulimi hauwezi kutofautisha gramu 35 za chumvi kwa lita na gramu 39, lakini kiti cha pweza tofauti hiyo anaijua.

## Hatua ya 1: Chagua mnyama kabla ya kuchagua tangi

Hawa wanyama hawafanani, na makosa mengi yanafanyika hapa, kabla hata maji hayajachotwa.

Mwenye rangi ya kijivu na nundu nyekundu zilizochongoka, yule wa kwenye majani ya bahari, ni Protoreaster lincki. Uzuri wake ni kwamba anakula nyama unayompa, kwa hiyo njaa yake inatibika. Ubaya wake ni ukubwa, maana anaweza kufika sentimita 30, na anakula karibu kila kisichokimbia: chaza, sifongo, matumbawe. Mchukue mdogo, umweke bila matumbawe, na ujue kwamba siku moja atahitaji tangi la lita 400.

Wa buluu, Linckia laevigata, ndiye anayependwa na ndiye anayekufa zaidi. Anaishi kwa kulamba utando wa viumbe wadogo juu ya mawe, na tangi changa halina utando huo wa kumtosha. Atakaa miezi kadhaa akipungua polepole, wewe ukidhani ametulia. Kwa anayeanza, jibu langu ni hapana.

Wa mchangani, mwembamba mwenye miiba midogo pembeni, anamaliza viumbe wote waliomo kwenye mchanga, kisha anakufa njaa akiwa amefukiwa, humwoni. Hapana tena.

Mwenye miiba mirefu mwili mzima, Acanthaster, usimguse kabisa. Miiba yake ina sumu, na chakula chake ni matumbawe.

Kwa tangi la kwanza ningemchukua ndugu yao wa kwenye mianya ya mawe: yule mwenye kisahani kidogo katikati na mikono mitano myembamba inayojinyonga kama mikia ya mijusi. Wataalamu humhesabu kundi la pembeni kidogo, lakini anakula mabaki, anavumilia makosa madogo, na usiku anatembea tangi zima. Watu wanamdharau kwa sababu hapigi picha vizuri.

## Hatua ya 2: Tangi na mahali pa kuliweka

Fundi vioo wa mjini anaweza kukutengenezea. Mwambie kioo cha milimita 10, na kagua silikoni atakayotumia: ile ya bafuni, iliyoandikwa kwamba inazuia ukungu, ina dawa inayoua wanyama wa baharini. Akishabandika, liache likauke wiki nzima, kisha lijaze maji ya bomba ulipime uvujaji nje, si sebuleni.

Weka mbali na dirisha lenye jua la mchana na mbali na jiko. Taa ya kawaida inatosha. Kiti cha pweza hahitaji mwanga maalumu.

Kwa mawe, usivunje matumbawe. Ni kosa kisheria, na si lazima. Mawe makavu ya matumbawe ya zamani, aina ile ile iliyojenga nyumba za Mikindani na Kilwa, yanafanya kazi vizuri sana kwa sababu yana vitundu vingi ambamo bakteria watakaa. Chagua yasiyo na saruji, chokaa wala rangi. Yasugue, yaloweke wiki moja huku ukibadilisha maji, kisha yapange moja kwa moja juu ya sakafu ya kioo, ndipo umwage mchanga kuyazunguka. Ukiyaweka juu ya mchanga, mnyama anayechimba atayaangusha.

## Hatua ya 3: Maji

Si kila maji ya bahari yanafaa. Usichote karibu na bandari, gati, mtaro wala mdomo wa mto. Ghuba ya Lindi hupokea mto Lukuledi, na katika miezi ya mvua, Disemba hadi Aprili, maji ya juu hupungua chumvi na kuwa na tope. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na ufuko, na baada ya mvua kubwa subiri siku kadhaa.

Njia bora ni kumwomba mvuvi akujazie madumu akiwa nje, maji yalipo ya buluu. Mpe madumu yako mwenyewe. Ndani ya boti mna madumu ya petroli, na dumu lililowahi kubeba mafuta halisafishiki.

Nyumbani, chuja kwa kitambaa cheupe kilichokunjwa mara kadhaa, kisha acha maji gizani wiki moja au mbili yakipulizwa hewa. Vinavyoelea vitatua chini. Mimina ya juu taratibu, masimbi uyaache. Yaliyo tayari hayana harufu, macho yanapenya hadi chini, na refraktomita inasoma gramu 34 hadi 36 kwa lita.

## Hatua ya 4: Komaza tangi

Jaza tangi, washa pampu, tia kipande kidogo cha kamba mbichi, usitie mnyama. Kipande kitaoza na kutoa amonia. Bakteria mmoja ataigeuza amonia kuwa nitriti, mwingine ataigeuza nitriti kuwa nitrati. Amonia na nitriti ni sumu. Nitrati si kali hivyo, na utaipunguza kwa kubadilisha maji.

Kazi hiyo huchukua wiki nne hadi nane. Pima kila baada ya siku tatu. Utaona amonia inapanda na kushuka, kisha nitriti nayo inapanda na kushuka. Umefaulu pale vyote viwili vinaposoma sifuri kwa wiki nzima mfululizo, hata baada ya kuongeza chakula kidogo.

Hata hapo usikimbilie kiti cha pweza. Weka samaki mmoja au wawili wadogo, uendelee miezi sita. Ndiyo, sita. Tangi la mwezi mmoja linayumba kila siku, na samaki anavumilia kuyumba asikokuweza huyu mwingine.

## Hatua ya 5: Kiwango cha maji, mahali wengi wanapoangukia

Soma hapa pole pole.

Maji yakikauka kwenye tangi, chumvi haiondoki. Joto la Mtwara pamoja na feni linaweza kuondoa lita nne kwa siku bila wewe kugutuka. Tuseme una lita 200 halisi za maji zenye gramu 35 kwa lita. Usipojazia siku tatu, umebaki na lita 188 zenye chumvi ile ile, na kipimo kimefika 37.

Sasa linakuja kosa lenyewe. Mtu anaona maji yamepungua, anachukua dumu la maji ya bahari, anajazia. Akili yake inamwambia kilichotoka ni maji ya bahari. Hapana: kilichotoka ni maji baridi, chumvi imebaki. Kila siku anaongeza lita nne zenye gramu 140 za chumvi. Baada ya wiki moja ameongeza karibu kilo nzima, na tangi linasoma 40. Wiki ya pili mnyama amelegea, na mwenyewe anaapa kwamba hajabadilisha chochote.

Kwa hiyo: siku tangi likiwa sawa, zima pampu, maji yakitulia piga mstari kwa kalamu kwenye kioo, kwenye uso wa maji. Kila asubuhi jazia maji yasiyo na chumvi hadi mstari huo. Mimina kidogo kidogo karibu na pampu, kamwe si juu ya mnyama. Ukisahau siku kadhaa, usirudishe zote kwa mkupuo. Gawa kwa siku mbili au tatu.

Maji yapi yasiyo na chumvi? Yaliyochujwa kwa mashine ya kuondoa chumvi na madini ndiyo bora, na wauzaji wengi wa maji ya kunywa wanayo. Ya bomba yana klorini. Ya kisima yana madini. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi yanaonekana safi, lakini yamepita juu ya mabomba ya shaba, na shaba ni sumu kwa mnyama huyu hata kwa kiasi kidogo sana. Ya betri usiyaguse: kuna chupa za maji na kuna chupa za tindikali, na si pa kubahatisha.

Kila wiki badilisha asilimia 10 ya maji, na hapa ndipo unatumia maji ya bahari. Yapime chumvi na joto kwanza, yalingane na ya tangi.

Lengo: chumvi 35, isicheze zaidi ya 1 kwa siku. Joto nyuzi 25 hadi 29. pH 8.1 hadi 8.4. Amonia na nitriti sifuri. Nitrati chini ya 10.

## Hatua ya 6: Kumpata na kumsafirisha

Msimbati na maeneo yanayoizunguka yako ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Huko huchukui kitu bila kibali. Nje ya hifadhi, muone afisa uvuvi na viongozi wa BMU (kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi na ufuko) wa eneo husika kabla ya kuingia majini. Nimeona watu wanaruka hatua hii kwa kuwa “ni mmoja tu”. Wachokoaji pweza wa pale wanawajua wageni wote, na maneno yatafika.

Mchukue mmoja, mdogo, aliye ndani ya maji. Wale walioachwa kwenye vidimbwi wakati wa bamvua, jua la mchana likiwapiga, tayari wamechoka. Mgeuze ndani ya maji: upande wa chini miguu yake midogo iwe inachezacheza, ngozi iwe ngumu, isiwe na doa jeupe wala ncha iliyooza. Mwachie. Mzima atajigeuza mwenyewe, pole pole lakini kwa nia. Asiyejaribu kujigeuza muache.

Akiwa ameshika jiwe usimvute. Miguu yake itakatika na vidonda vitaoza. Msubiri, au teleza kadi ya plastiki chini yake taratibu.

Mwingize ndoo ikiwa imezamishwa, ili asitoke majini. Na tafadhali, zile picha za kumnyanyua juu ya kiganja tuwaachie watalii. Lita 10 za maji, kifuniko, pampu ya betri, ndoo kivulini. Bodaboda inafaa ikiwa safari ni fupi na ndoo iko katikati, si ikining'inia pembeni.

## Hatua ya 7: Kumzoesha

Tenga saa nne. Kama huna saa nne, usimlete leo.

1. Pima chumvi ya maji ya ndoo na ya tangi, uandike. Tofauti ikizidi 2, ongeza saa mbili.
2. Punguza maji ya ndoo yabaki kama lita mbili, mnyama akiwa amefunikwa kabisa. Weka ndoo sakafuni kivulini, na jiwe la hewa ndani yake.
3. Ning'iniza mpira wa dripu kutoka tangini hadi ndooni. Bana kigurudumu hadi chupa ya nusu lita ijae kwa nusu saa hivi, kisha elekeza mpira kwenye ndoo.
4. Baada ya saa mbili ndoo itakuwa na lita nne. Toa mbili, endelea saa mbili nyingine.
5. Pima tena. Chumvi na joto vikilingana, zamisha bakuli ndooni, aingie, lipeleke bakuli hadi chini ya maji ya tangi, uliinamishe atoke mwenyewe.

Taa zizimwe hadi kesho. Usimlishe siku hiyo. Akipanda kioo usiku huo au kujificha chini ya jiwe, vyote ni heri. Akibaki alipoangukia, mikono imelegea, bado subiri, usimshike kumjaribu.

## Hatua ya 8: Kulisha

Mara mbili hadi tatu kwa wiki. Kamba mbichi, ngisi, au nyama ya chaza, kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kisiwe na chumvi ya kukaushia, ndimu wala kiungo. Ng'onda ni kitoweo chako wewe, si chake.

Zima pampu ya mzunguko. Kwa koleo la plastiki weka kipande chini ya ukingo wa mkono wake, sio juu ya mgongo. Mdomo uko chini, katikati. Dakika chache baadaye utaona mkono unajikunja, kisha mwili wote unasogea na kuinuka kidogo katikati kama aliyekaa juu ya kitu. Ukichungulia kwa chini kupitia kioo cha pembeni unaweza kuona kitu laini, cheupe, kimetoka mdomoni na kukifunika chakula. Ni tumbo lake. Analitoa nje, analainisha chakula, analirudisha. Usimwondoe wakati huo hata kama samaki wanamsumbua, wafukuze samaki.

Baada ya saa tatu ondoa kilichobaki. Akikataa mara tatu mfululizo, pima maji kabla ya kubadilisha chakula.

## Majirani, umeme na sumu za nyumbani

Bunju na kikande watamng'ata mikono. Kaa wakubwa vile vile. Samaki wapole wadogo hawana neno naye.

Umeme ukikatika, washa pampu ya betri mara moja. Ikikosekana, chota jagi la maji na kulimwaga kutoka juu kila dakika 10 au 15. Povu lile ndilo hewa. Acha kulisha hadi umeme urudi.

Joto likipita nyuzi 29, elekeza feni kwenye uso wa maji. Itashusha nyuzi mbili au tatu, na itaongeza kukauka kwa maji, kwa hiyo rudi Hatua ya 5. Barafu usitie.

Dawa ya mbu ya kupuliza inaua. Pampu ya hewa inaivuta chumbani na kuipeleka moja kwa moja majini, kwa hiyo chumba chenye tangi hakipulizwi, basi. Na kwa sisi wa kusini kuna la zaidi: msimu wa kupulizia mikorosho, mtu anatoka shambani na salfa na dawa za ubwiriunga mikononi na nguoni. Oga kwanza, badili nguo, osha mikono hadi kiwiko bila kubakiza sabuni. Mafuta ya kupaka nayo yasiingie.

Samaki wakiugua, watibu kwenye beseni la pembeni. Dawa nyingi za samaki zina shaba, na ikishaingia kwenye mawe haitoki kirahisi.

## Ukiona dalili mbaya

Mikono imelegea, mwili umeshuka kama umetolewa upepo: karibu kila mara ni chumvi. Pima kwanza, kabla ya kitu kingine. Kama iko nje, irudishe polepole, 1 kwa siku.

Ncha za mikono zimejikunja juu: pima amonia, badilisha asilimia 20 ya maji.

Madoa meupe, ute, ngozi inafunguka: mhamishie kwenye chombo cha pembeni chenye maji ya tangi na hewa. Akiacha mkono mmoja na mwili ukabaki mgumu, anaweza kupona na mkono ukaota upya, kwa miezi. Doa likifika katikati ya mwili, hatarudi.

Amepungua unene lakini anatembea: ni njaa. Ongeza mlo mmoja kwa wiki.

Akifa, mtoe saa hiyo hiyo. Anaoza haraka na anaweza kuondoka na tangi zima. Utajua kwa harufu, na kwa miguu ya chini isiyojibu ukiigusa kwa kijiti ndani ya maji. Badilisha robo ya maji, pima amonia kesho yake na keshokutwa.

Akikuzidi ukubwa naye ni mzima, mtafutie mwenye tangi kubwa. Usimrudishe baharini ikiwa amewahi kukaa maji mamoja na samaki wa kununuliwa. Magonjwa yao yataenda naye. Na ukisafiri, mwachie jirani maji ya kujazia kwenye chupa ulizozipima, moja kwa kila siku, madumu ya maji ya bahari uyafungie stoo, na umwambie asilishe kabisa kama safari ni ya siku nne au tano.